Kwa Nini Gari Lilisimama

Mpwa wangu alikuwa amepiga goti kuokota nati.

Ilikuwa Jumamosi, kama saa nne asubuhi, uani kwetu Goba, Dar es Salaam, tukijiandaa kubadilisha pedi za breki za nyuma. Tairi la nyuma la kushoto lilikuwa limeshainuka kutoka ardhini, nati ya kwanza ilikuwa imemponyoka na kubingirika chini ya gari, naye akapitisha mkono chini ya ubavu, akaipapasa, akaipata, akajivuta nyuma. Hata hajasimama sawasawa, jeki ikaanza kuinama kuelekea mbele. Haikufyatuka. Iliinama polepole, kiasi kwamba nilipata muda wa kuiona na kutoamini ninachokiona, kisha ikalala, gari likasogea mbele kiasi cha shibiri moja, tairi likatua kwenye udongo kwa uzito wake wote, na uani kukawa kimya.

Nati ilikuwa bado mkononi mwake.

Hakuumia, wala mimi sikuumia, na gari lenyewe lilipata mkunjo mdogo tu kwenye ukingo wa bati ulio chini ya mlango wa nyuma. Majirani waliokuja kutazama walisema Mungu ametunusuru, nami nilisema hivyo hivyo, na hadi leo nasema hivyo. Lakini kwa wiki kadhaa baada ya siku ile nilikuwa nikishtuka usiku na kuuona ule mkono chini ya gari, na kila nilipouona nilijaribu kutafuta kosa nililofanya, nisilipate.

Swali la mke wangu

Gari letu ni Toyota Mark II, GX110, la otomatiki. Siku ile gia ilikuwa kwenye P, ile ya kuegeshea. Handbreki nilikuwa nimeiweka, na ninakumbuka kuiweka kwa sababu nilimwonyesha kijana, nikimfundisha. Funguo ulikuwa mfukoni mwangu. Jeki ilikuwa ile ya mkasi iliyokuja na gari kutoka Japani, nimeikalisha juu ya kipande cha ubao ili isizame kwenye udongo, na kichwa chake kimeshika pale hasa kwenye alama mbili zilizochongwa ukingoni mwa bati. Nati nilizilegeza tairi likiwa bado chini. Kwa kipimo cha kila nilichowahi kuelezwa na watu, nilikuwa mwangalifu.

Jioni ile mke wangu alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza swali moja.

"Baba watoto, mimi si fundi. Ila umesema gari lilikuwa limefungwa. Kama lilikuwa limefungwa, limetembeaje?"

Watu wengi niliowasimulia walinipa majibu yaliyohusu jeki. Jeki za mkasi si za kuamini. Udongo wa Goba ni laini. Ubao ulikuwa mwembamba. Yote hayo yana ukweli ndani yake, lakini yanaeleza kwa nini jeki ililala, na hayaelezi kwa nini gari lilikwenda mbele. Jeki hubeba, haisukumi. Jeki iliyozama kwenye udongo chini ya gari lililofungwa ingelishusha gari palepale lilipo, au pembeni kidogo. Letu lilisafiri.

Na kadiri nilivyolifikiria swali la mke wangu, ndivyo lilivyozaa swali la pili, ambalo ndilo lililonikosesha usingizi zaidi. Ua wetu unateremka kuelekea getini, mita kama nane. Gari lililokwisha kuanza kutembea kwenye mteremko lilipaswa kuendelea mpaka ligonge geti. Lilikwenda shibiri moja, likasimama lenyewe.

Nini kililisimamisha?

Kinachofungwa na P

Kuna mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, anayefanya kazi chini ya mwembe si mbali na kwetu. Nilimpelekea gari wiki ya tatu, kwa kisingizio cha ule mkunjo wa bati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo linalalamika nini?"

Nikamsimulia yote, mpaka lile la nati. Hakunikatiza wala hakunilaumu. Alichukua vipande vinne vya mbao, akavigongomea mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, kisha akasukuma jeki kubwa ya magurudumu chini ya gari kutokea nyuma, akainua gari kwenye difu, lile bonge la gia lililo katikati ya magurudumu ya nyuma, mpaka matairi yote mawili ya nyuma yakawa hewani, akaweka stendi mbili za chuma, akashusha gari juu yake. Akaniambia niingie ndani, niweke P, niondoe handbreki, nishuke.

"Zungusha tairi la kushoto kwa mkono."

Nililishika nikijiandaa kulikuta gumu kama jiwe, kwa sababu gari lilikuwa kwenye P. Lilizunguka. Lilikuwa na uzito kidogo, wa difu na wa pedi zinazogusa diski, lakini lilizunguka mzunguko mzima.

"Sasa tazama la kulia."

Nikainama kutazama upande wa pili. Kila nilipolisogeza la kushoto kwenda mbele, la kulia lilikwenda nyuma.

"P haifungi tairi, mwanangu," alisema. "P inafunga propela."

Nilibaki nimechuchumaa pale, nikilisogeza lile tairi mbele na nyuma kama mtoto aliyepewa kitu kipya, nikitazama la upande wa pili likinijibu kinyume. Miaka yote ya kuendesha magari ya otomatiki nilikuwa nikidhani kwamba ninapoweka P kuna kitu kinachokwenda kukamata magurudumu. Kumbe kinachotokea ni kwamba ndani ya giaboksi kijino cha chuma kinaingia kati ya meno ya gurudumu lililo kwenye shafti inayotoka kwenda kwenye propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye difu, na propela haizunguki tena. Basi. Kutoka hapo kwenda kwenye matairi kuna difu, na kazi ya difu ni kuyaruhusu matairi mawili yazunguke kwa mwendo tofauti, ili gari liweze kukata kona. Propela ikifungwa, difu ya kawaida bado inaruhusu tairi moja kwenda mbele mradi lenzake liende nyuma kwa kiasi kilekile.

Matairi yote mawili yakiwa chini, hilo haliwezekani, kwa kuwa ardhi inayataka yote yaende upande mmoja. Kwa hiyo gari linakaa, nasi tunaamini limefungwa. Inua tairi moja tu la nyuma, na kizuizi hicho kimekwisha, maana lile la hewani liko huru kuzunguka kinyume, na lile lililobaki chini liko huru kubingirika.

Hapo nilipata jibu la swali lililokuwa likiniamsha. Gari lilisimama kwa sababu tairi lilitua. Mara lilipogusa udongo, matairi yote mawili yalidaiwa tena na ardhi kwenda upande mmoja, propela ikakataa, na P ikarudi kufanya kazi ambayo nilidhani ilikuwa ikiifanya muda wote. Ile shibiri moja ndiyo iliyokuwa safari yote ambayo gari lilikuwa huru kuisafiri, na mkono wa mpwa wangu ulikuwa umetoka humo sekunde chache kabla.

Na handbreki?

Hilo mzee aliniuliza yeye kabla sijamuuliza. Kama handbreki ingelikamata sawasawa tairi la kulia lililokuwa bado chini, gari lisingetembea hata kidole kimoja.

Tulishusha gari, nikalipeleka kwenye kipande cha barabara chenye mteremko mdogo na kisicho na watu, nikaweka handbreki mpaka mwisho, nikaweka gia kwenye N, ambako giaboksi haishiki kitu, nikaachia pedali ya breki huku mguu ukiwa juu yake tayari. Gari lilisita kidogo, kisha likaanza kuteleza mbele, polepole, kwa mwendo wa mtu anayetembea na mzigo kichwani.

Sikuwahi kulijaribu hivyo hata siku moja tangu nilinunue. Sisi wenye magari ya otomatiki tunaegemea P kila siku, na kwa kuwa P inashika vizuri tukiwa na matairi yote manne chini, hakuna kinachotujulisha kwamba handbreki imekufa. Kwenye gari hili breki ya nyuma ni ya diski, lakini handbreki ni kitu kingine kabisa: ni breki shuu ndogo mbili, vipande vilivyopinda kama upinde, zilizojificha ndani ya kitovu cha diski, zinazovutwa kwa waya. Waya unalegea, breki shuu zinalika au zinabaki mbali na ukuta wa kitovu, na taa kwenye dashibodi inawaka ikikuambia handbreki imewekwa. Taa haisemi uongo. Imewekwa kweli, ila haishiki.

Nilikuwa nimemwonyesha kijana jinsi ya kuiweka. Hilo bado linaniuma.

Miaka saba na gari jingine

Kwa muda nilijiuliza iweje mtu aliyeinua gari mara nyingi kama mimi asijue jambo hili, na jibu nililolipata halikunifurahisha. Kabla ya Mark II nilikuwa na Toyota IST kwa miaka saba. Niliiinua mbele, niliiinua nyuma, nilibadilisha pedi, nilibadilisha shokapu, na sikumbuki hata mara moja kuweka jiwe kwenye tairi. Haikuwahi kusogea. Nikajihesabu kuwa najua kazi.

IST inavutwa na magurudumu ya mbele. Ukiinua nyuma, P inashika mbele, na matairi yote mawili ya mbele yako chini. Ukiinua mbele, P inapoteza nguvu kwa sababu ileile ya difu, lakini handbreki iko nyuma, na nyuma iko chini. Vizuizi viwili vimegawanywa ncha mbili za gari, na popote utakapoinua unabakiwa na kimoja, hata kama hujui kwamba kipo. Vitz, Passo, Raum na magari mengine madogo mengi ya mjini yamekaa hivyo.

Mark II, Mark X, Crown, Altezza, Hiace, na zile Noah za zamani za kabla ya 2001, yote yanasukumwa na magurudumu ya nyuma. Huko P inashika nyuma, na handbreki inashika nyuma. Ukiinua nyuma yote, umeondoa vizuizi vyote viwili kwa mara moja, na gari linabaki limesimama juu ya magurudumu mawili ya mbele ambayo hayajashikwa na kitu chochote, yanayobingirika kama magurudumu ya toroli la dukani. Hata handbreki nzima kabisa haikusaidii hapo, kwa sababu imekamata matairi yanayoning'inia.

Kwa hiyo uzoefu wangu ndio ulionidanganya. Miaka saba ya kuinua gari bila tatizo ilinifundisha tabia ambayo ilikuwa salama kwenye gari lile, nikaihamishia kwenye gari hili bila kufikiri, na nikaanza kumrithisha kijana wa miaka kumi na sita.

Mpira wa maji

Ua wetu sikuwahi kuuona kuwa na mteremko wa kutisha. Mpira wa watoto hubingirika kwenda getini, ndiyo, lakini taratibu. Nilitaka kujua ni kiasi gani, nikaazima kwa fundi ujenzi wa jirani ule mpira wake mwangavu wa kupimia usawa kwa maji, nikapima pale pale gari lilipokuwa limesimama, kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele. Tofauti ilikuwa sentimita 11.

Gari hili lina mita 2.73 kati ya ekseli na ekseli. Sentimita 11 katika urefu huo ni mteremko wa asilimia 4, ambao jicho halishughuliki nao. Lakini gari lina uzito unaokaribia kilo 1,400, na asilimia 4 ya uzito huo ni kilo 56. Maana yake ni kwamba muda wote nilipokuwa nikizungusha jeki, kulikuwa na nguvu sawa na uzito wa kilo 56 ikilisukuma gari kwenda getini, bila kuchoka, ikisubiri tu matairi yafunguliwe.

Nilipoieleza hesabu hii mezani, kijana alisema hizo ni kilo zake mwenyewe.

Utakumbuka malori ya Morogoro Road yanaposimama kwenye kilima: utingo huruka chini gari halijatulia bado, na gogo mkononi, analisukumia nyuma ya tairi. Nikiwa mtoto nilidhani ni dalili ya lori bovu. Sasa nadhani wale vijana wamekuwa wakijua jambo ambalo mimi, mwenye gari safi na taa ya handbreki inayowaka, sikulijua.

Kitabu cha Kijapani

Kwenye dashibodi kuna kitabu cha gari, kimeandikwa Kijapani chote, na kwa miaka mitatu kilikuwa mahali pa kuhifadhia risiti za mafuta. Nilikifungua kwa mara ya kwanza baada ya ajali ile. Maandishi siyajui, lakini michoro haihitaji lugha. Kuna ukurasa wenye gari lililochorwa kwa juu, lenye tairi moja lililotiwa alama, na pembeni, kwenye tairi la upande wa pili kimshazari, kimechorwa kipande kidogo cha pembetatu. Kwa tairi la nyuma la kushoto, pembetatu imewekwa mbele ya tairi la mbele la kulia.

Nilikitazama kipembetatu kile kwa muda mrefu. Kilikuwa mle ndani miaka mitatu, nusu mita kutoka kwenye goti langu.

Mimi sasa sitosheki na pembetatu moja. Nilimwendea seremala akanikatia kabari nne kutoka kwenye mabaki ya mninga, kila moja kimo cha sentimita 15, karibu robo ya kimo cha tairi, na upande wake wa mshazari umechongwa kufuata mviringo wa tairi. Ninapoinua nyuma, zinakaa mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya mbele, na zinasukumwa mpaka ziguse mpira. Zinawekwa kabla ya spana kugusa nati, kwa sababu hata ule mkikimkiki wa kulegeza nati iliyokazwa kwa mashine unalitikisa gari.

Kosa la jeki lilikuwepo pia

Nisije nikaonekana naisafisha jeki. Baada ya kuelewa habari ya difu nilirudi kuifikiria jeki yenyewe, na nikagundua jambo ambalo lingetokea hata uwanjani kwenye usawa kamili.

Gari likiinuliwa nyuma halipandi wima. Linazunguka kwenye ekseli ya mbele, kama mlango kwenye bawaba, na kwa hiyo sehemu ya nyuma inapopanda inakwenda mbele kidogo pia. Kwa gari la urefu huu, ukipandisha nyuma sentimita 40, sehemu uliyoinulia imesogea karibu sentimita 3 kuelekea mbele. Jeki ya magurudumu imepewa magurudumu kwa sababu hiyo: inapaswa kujongea yenyewe ikilifuata gari. Ndiyo maana inataka sakafu ngumu. Kwenye mchanga magurudumu yake yanazama, haijongei, na kichwa chake ndicho kinachoanza kuteleza chini ya gari. Jeki ya mkasi na jeki ya chupa haziwezi kujongea kabisa, kwa hiyo kichwa kinavutwa upande huku kitako kimebaki palepale. Kwa kubadilisha tairi barabarani, ambapo unainua kidogo tu, hilo linavumilika. Kwa kazi ya saa mbili uani, sikubali tena.

Jambo la pili ni kwamba jeki yoyote, hata kubwa, ni ya kuinulia. Ile ya haidroli inashikiliwa na mafuta yaliyozuiwa na sili za mpira na vali ndogo, na sili ikichoka gari linashuka, wakati mwingine milimita kwa milimita, wakati mwingine mara moja. Kinachopaswa kubeba gari wakati mtu anafanya kazi ni stendi, chuma kilichokaa juu ya chuma, na stendi mbili ziwe na uwezo ulioandikwa unaozidi mzigo wake kwa mbali. Nilichagua zenye pini nene inayopita kwenye matundu badala ya zile za meno. Mwaka 2020 kule Marekani stendi za meno za duka moja kubwa zilirudishwa kwa wingi kwa sababu meno yake yangeweza kutoshikana sawasawa na kuachia zikiwa na mzigo, na hata baadhi ya zile zilizotolewa badala yake zikarudishwa tena kwa kasoro ya kuchomelea. Pini ninaiona kwa macho kwamba imepita.

Na tofali. Naandika hili kwa sababu katika gereji tatu nilizotembelea mwezi huu nimeona magari yamekaa juu ya matofali ya saruji, na chini yake watu wamelala. Tofali la inchi 6 linabeba ukuta kwa sababu mzigo umetandazwa juu yake lote. Ukingo mwembamba wa bati la gari unauelekeza mzigo wote kwenye mstari mmoja, na tofali halipindi wala halitoi mlio wa kukuonya, linapasuka. Gogo gumu au mbao zilizopangwa kwa kupishana ni afadhali mara nyingi, kwani mbao hulalamika kabla ya kukatika. Mzee wa mwembeni hana stendi za kutosha kwa magari yote, lakini tofali hatumii.

Mara ya pili

Ilinichukua muda kuamua kama nirudie kazi ile nyumbani. Mke wangu hakunikataza. Aliuliza tu kama kijana atakuwepo, nami sikumjibu siku ile, kwa sababu sikuwa na uhakika kama kumweka mbali kungekuwa kumlinda au kumwacha na somo bovu nililokuwa nimeshampa.

Alikuwepo. Tuliomba nafasi kwa jirani mwenye sakafu ya zege, tukaipima kwa mpira wa maji kwanza, na tofauti haikufika sentimita moja.

Kazi ilikuwa imeongezeka. Pamoja na pedi, sasa tulikuwa na handbreki ya kurekebisha, na kazi hiyo ndiyo iliyonionyesha jambo hili lote kwa ukamilifu wake. Ili urekebishe breki shuu, diski lazima izunguke huru, kwa hiyo handbreki inaondolewa. Ili diski izunguke bila kubishana na difu, gia inawekwa N. Yaani kazi yenyewe inakudai uvifungue kwa mkono wako vizuizi vyote viwili ambavyo umevizoea, nyuma ikiwa hewani, na kuanzia dakika hiyo gari linashikwa na stendi mbili na vipande vinne vya mninga.

Nilimwachia kijana aweke kabari. Akaziweka, akazipiga teke moja moja, akaniita nizipige na mimi. Tukainua gari kwenye difu, tukaweka stendi, tukashusha jeki mpaka uzito ukahamia kwenye stendi, kisha tukairudisha jeki iguse tu bila kubeba. Tairi tulizozitoa tukazilaza chini ya ubavu, kila upande moja, ili kama lolote likitokea, gari litue juu ya mpira na rimu.

Hapo mzee alikuwa ameniagiza nilitikise gari kwa nguvu kabla mtu hajaingiza mkono. Nilisita. Baada ya yote yaliyotokea, kulisukuma kwa makusudi gari lililo juu ya stendi kuliniwia vigumu kuliko nilivyotarajia, na nilimwambia hivyo alipokuwa akinieleza. Jibu lake nalikumbuka neno kwa neno: "Likitaka kuanguka, lianguke wewe ukiwa nje." Nikaweka viganja kwenye buti, nikasukuma, nikavuta, nikasukuma tena. Springi za mbele zilicheza. Stendi hazikusogea.

Pedi za kushoto zilikuwa zimebaki milimita 2. Breki shuu za handbreki hazikuwa zimelika sana. Zilikuwa tu zimebaki mbali, zimejaa vumbi jekundu. Kuna tundu kwenye diski ambalo ukichungulia kwa tochi unaona gurudumu dogo la meno, nalo linasogezwa kwa bisibisi, jino baada ya jino, mpaka diski inakaza, kisha unalirudisha meno kadhaa mpaka diski izunguke tena bila kukwaruza. Kijana alifanya la kulia peke yake. Kila jino lilitoa mlio mdogo, naye alikuwa akihesabu kwa sauti.

Tuliposhusha gari na kukaza nati, alikwenda moja kwa moja mbele kutoa kabari.

Nilimwambia asubiri. Nikaingia ndani, nikakaa kwenye kiti, nikaweka P na handbreki, nikakanyaga breki. Pedali ilikwenda mpaka chini bila upinzani wowote, kwa sababu tulikuwa tumezirudisha nyuma pistoni zinazosukuma pedi ili pedi mpya ziingie, na pistoni bado hazijazifikia. Kijana aliona uso wangu kupitia kioo cha mbele, akaurudisha mkono wake kutoka kwenye kabari bila kuambiwa. Nikakanyaga tena, na tena. Kwenye mara ya tano pedali ikaanza kukaza chini ya mguu, kwenye ya saba ikawa ngumu, nikaishikilia hapo.

"Sasa toa," nikamwambia.